Kutunza eneo la wanyamapori la kijiji kwenye nyika kavu: mwongozo kamili, kuanzia mkutano wa kijiji hadi mwaka wa ukame

Mwezi wa kumi, mto Tarangire, kaskazini mwa Tanzania, ndio maji ya kutegemewa kwa eneo kubwa sana la nyika ile. Nyumbu, pundamilia na tembo wanajazana kandokando yake mpaka unadhani hawana kwao kwingine. Mvua zikishika, wanatawanyika. Nyumbu wengi wanavuka mpaka wa hifadhi na kwenda kuzalia kwenye mbuga za Simanjiro, ardhi ya vijiji, kwa sababu majani ya kule yana fosforasi ambayo jike anayenyonyesha anaihitaji, na ya ndani ya hifadhi hayampi ya kutosha. (Upande wa pili wa hifadhi, pale Minjingu, sisi wenyewe tunachimba fosfeti na kuiuza kama mbolea. Nyumbu anaifuata kwa miguu.)

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ilianzishwa 1970 na ina kilomita za mraba zipatazo 2,850. Ni kubwa, na bado haimtoshi nyumbu mwaka mzima. Ndivyo nyika kavu ilivyo: mnyama anaishi kwa kuhama, na nusu ya maisha yake yako mikononi mwa kijiji. Mwongozo huu ni wa wale wenye hiyo nusu ya pili, yaani viongozi wa vijiji, makatibu wa jumuiya, askari wa wanyamapori wa vijiji na kamati za malisho. Mifano mingi ni ya upande wa Tarangire na Simanjiro kwa kuwa ndiko nilikokanyaga zaidi.

Hatua ya 1: Anza na kalenda, ramani itafuata

Miradi mingi inaanza na ramani, na hapo ndipo inapopotea. Kusanya watu wanane hadi kumi chini ya mti: wazee wawili watatu, kina mama wanaochota maji, mkulima ambaye shamba lake huliwa kila mwaka, na vijana wanaochunga. Hao vijana usiwasahau. Mzee atakueleza ya zamani. Kijana wa miaka kumi na saba anayelala na ng'ombe porini atakueleza ya wiki iliyopita.

Chora kijiji kwenye vumbi kwa fimbo. Mawe yawe maji, majani mabichi yawe malisho, maharage yawe ng'ombe, punje za mahindi ziwe wanyamapori. Kisha uliza mwezi kwa mwezi: ng'ombe wako wapi? Nyumbu wako wapi? Nani anatangulia kuhama? Piga picha kwa simu, futa, chora mwezi unaofuata.

Ukifanya hivi Simanjiro, utaona kitu ambacho picha ya satelaiti haikuonyeshi. Nyumbu wakishaanza kuzaa, mwezi wa pili hivi, wafugaji wa Kimaasai huondoa ng'ombe kwenye mbuga wazi na kuwapeleka kwenye vichaka na miinuko, hata kama majani ya mbugani ndiyo mazuri. Wanakimbia ingati, ugonjwa wa nyumbu. Ndama wa nyumbu hubeba kirusi chake bila kuumwa, lakini ng'ombe akiupata hapo kwa kawaida ndiyo basi. Kwa hiyo mgawanyo wa msimu upo tayari, na unafuatwa bila askari wala faini. Uandikeni huo. Mpango wa malisho unaowaambia watu wapeleke ng'ombe mbugani mwezi wa tatu umeandikwa na mtu asiyefuga.

Mkimaliza mwaka wa kawaida, choreni tena mwaka mmoja tu: ule mbaya mnaoukumbuka wote. Mlihamia wapi? Mlipita ardhi ya nani? Karatasi hiyo itunzeni, tutaihitaji mwishoni.

Hatua ya 2: Mkutano mkuu na karatasi zake

Kwa Tanzania, njia iliyonyooka ni Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, ambayo kila mtu anaiita WMA. Ilitokana na Sera ya Wanyamapori ya 1998, na leo inasimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 na kanuni zake. Kabla ya yote watu waelewe nani ana nini. Ardhi inabaki ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Wanyama wanabaki mali ya umma chini ya serikali. Jumuiya inapewa haki ya kuwatumia kwa utalii au uwindaji ulioruhusiwa. Nimeona mikutano ikivunjika kwa sababu mtu mmoja nyuma alisema "wanatunyang'anya ardhi" na hakuna aliyekuwa na jibu la sentensi moja. Mwenyekiti awe nalo mdomoni.

Mfuatano wenyewe ni huu:

1. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unaamua. Kila kijiji mwanachama kifanye wake.
2. Vijiji vinaunda jumuiya, vinaandika katiba na kuisajili.
3. Kila kijiji kinakuwa na mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo zake.
4. Jumuiya inaandaa mpango wa usimamizi wa eneo na kuomba kuidhinishwa.
5. Eneo linatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kisha haki ya matumizi inatolewa. Mikataba na wawekezaji inakuja baada ya hapo.

Waambieni watu ukweli kwamba ni kazi ya miaka. Na muhtasari wa mkutano usio na orodha ya mahudhurio yenye saini ni karatasi ya kufungia karanga. Wekeni nakala tatu: kwa mtendaji, kwa jumuiya, na moja wilayani.

Ndugu wa Kenya njia yao ni nyingine. Sheria yao ya wanyamapori ya 2013 inazitambua hifadhi za jamii na za watu binafsi, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inahusu umiliki. Hatua zinazofuata hapa chini zinawafaa vilevile.

Hatua ya 3: Mpango wa ardhi ambao watu hawatang'oa vigingi vyake

Niliwahi kukaa siku tatu kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni mjini, mbali kabisa na kijiji, tukichora mpango wa ardhi wa kijiji hicho. Wajumbe walipata posho, ramani ikatoka na rangi zake nzuri. Tulipokwenda kuweka vigingi tukakuta "eneo la wanyamapori" lina kisima cha ukoo mmoja na makaburi mawili. Asubuhi ya pili vigingi vilikuwa vimelala chini. Sikuona wa kumlaumu zaidi yetu.

Tangu hapo nashika mambo machache. Mpaka hutembewa kwa miguu kabla ya kuchorwa, na anayetangulia ni mwenyeji wa kitongoji hicho, mtu wa wilaya anafuata nyuma na kifaa chake cha GPS. Kijiji jirani kinakuwepo siku hiyo na kinasaini siku hiyo hiyo. Na maeneo yanaitwa kwa majina yanayojulikana. Kwa Wamaasai, alalili ni malisho yanayofungwa mpaka kiangazi, na olopololi ni majani ya karibu na boma yanayotunzwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa. Wasukuma wana ngitili, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulifufua vichaka vya mkoa ule kwa kuirudisha ngitili badala ya kuleta kitu kigeni. Ukiandika "kanda ya matumizi maalumu namba 2" hakuna atakayeilinda. Ukiandika alalili, bibi kizee atamfukuza mwenye ng'ombe kwa fimbo.

Mapito ya wanyama yanahitaji umakini wa pekee. Fuateni njia ya tembo yenyewe. Inaonekana chini, imekanyagwa, na kwa kawaida imechagua mteremko mzuri kuliko mhandisi. Shule, zahanati na mashamba mapya visiwekwe juu yake, maana nyumba moja huita ya pili. Msizungushe uzio mrefu bila kujua nani anapita. Kule Kalahari, Botswana, nyuzi zilizojengwa tangu miaka ya 1950 kutenganisha ng'ombe na wanyamapori kwa hofu ya ugonjwa wa midomo na miguu ziliwazuia nyumbu kufuata maji, na katika ukame wa miaka ya 1960 na wa 1983 walikufa kwa maelfu.

Pia kuna njia isiyohitaji WMA. Kijiji cha Terrat, Simanjiro, kiliingia makubaliano na kampuni za utalii katikati ya miaka ya 2000: kampuni zinakilipa kijiji kila mwaka, kijiji hakilimi wala kujenga makazi ya kudumu kwenye sehemu ya mbuga nyumbu wanakozalia, na ng'ombe wanaendelea kuchunga kama kawaida. Ni karatasi fupi. Imefanya kazi kwa sababu iliwaomba wafugaji waendelee kufanya walichokuwa wakifanya.

Hatua ya 4: Maji, na kwa nini kisima kinaweza kuua

Kila mfadhili anapenda kuchimba kisima. Picha inatoka vizuri. Lakini kwenye nyika, mnyama mara nyingi hafi kwa kiu. Anakufa kwa kutembea kati ya maji na majani, na mwisho kwa njaa. Ukiongeza maji bila kuongeza majani, umesogeza kaburi tu.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Kruger, Afrika Kusini. Walichimba visima kaskazini mwa hifadhi ili kuwasaidia wanyama adimu, akiwemo korongo (yule swala mkubwa, si ndege wala bonde). Maji yakawavuta pundamilia na nyumbu, na simba wakawafuata. Kuanzia 1986 hadi 1993 korongo wa upande ule walishuka kutoka 450 hivi hadi 45 hivi. Baadaye hifadhi ikaanza kuvifunga visima vyake vingi.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali kisima au lambo, kamati ya malisho ijibu kwa maandishi: majani ya kuzunguka hapa yanatosha miezi mingapi, na nani atafunga bomba yakiisha? Pasipo jibu, pasiwe na kisima.

Maji yaliyopo yatunzwe kwa saa. Ng'ombe wanywe mchana, usiku uwe wa wanyama. Hilo linawezekana tu kama hakuna boma, taa wala banda la biashara karibu na maji. Na mchanga wa makorongo yanayokauka usichotwe ovyo kwa ujenzi. Tembo huchimba humo kwa miguu na mkonga, akinywa anaacha shimo, na nyuma yake wanakunywa swala, nyani na kanga. Lori moja la mchanga linaweza kuharibu kisima ambacho hakuna aliyekilipia.

Hatua ya 5: Pima majani kwa ncha ya kiatu

Hapa hakuna haja ya mtaalamu. Chagueni mstari mmoja ndani ya alalili, mti hadi jiwe. Mtu atembee hatua mia moja. Kila hatua aangalie kilicho mbele ya ncha ya kiatu chake na aseme: jani, takataka (majani makavu yaliyoanguka), au udongo mtupu. Mwenzake anaweka alama kwenye daftari. Mwisho mna asilimia, bila hesabu. Rudieni mstari uleule mwisho wa mvua na mwisho wa kiangazi, na pigeni picha moja mkiwa mmesimama kwenye kigingi kilekile. Baada ya miaka mitatu mtakuwa na ushahidi ambao hata mtafiti ataomba nakala.

Tarehe ya kufungua alalili iamuliwe na kamati baada ya kupima, na isomwe mbele ya watu mnadani, siyo kubandikwa ofisini. Jambo gumu ni mifugo ya wageni. Msikatae moja kwa moja, maana mwaka kesho wageni ni ninyi. Mgeni aje kwanza bila ng'ombe, aongee na laigwanani (kiongozi wa mila wa Kimaasai) na mwenyekiti, aandikiwe idadi na tarehe ya kuondoka. Anayekuja na mifugo elfu usiku hakuja kuomba.

Kuhusu moto: ikibidi kuchoma, ni mapema, mwezi wa sita, majani yakiwa bado na unyevu, na kwa ajili ya kukata kinga ya moto tu. Sehemu yenye mvua kidogo haina majani ya kuchezea.

Hatua ya 6: Doria na daftari

Askari wa kijiji alipwe kwa wakati. Naliweka hili mbele ya buti, redio na gari, kwa sababu asiyelipwa miezi mitatu ama anaondoka ama anaanza kujua wauza kitoweo, yaani nyama ya ujangili, kwa majina. Kitoweo siku hizi kinasafiri kwa pikipiki na tochi kali usiku, kwa hiyo doria ya asubuhi ya kuzunguka na bendera haimshtui mtu. Habari kutoka kwa wachungaji ni bora kuliko kilomita mia za kutembea. Askari akimkamata mtu, amfikishe polisi au kwa mamlaka ya wanyamapori akiwa mzima, pamoja na kielelezo. Akipigwa, kesi imekufa na kijiji kimegawanyika.

Kwa kumbukumbu, igeni Namibia. Hifadhi za jamii za kule zinatumia daftari la matukio: kila mlinzi ana kitabu kidogo cha mfukoni, anaandika tarehe, mahali, alichoona na wangapi, iwe mzoga, uharibifu wa shamba, mtego au kundi la swala. Mwisho wa mwezi matukio yanahamishiwa kwenye chati kubwa ya ukutani, kila tukio kiboksi kimoja kinapakwa rangi. Anayejua kuhesabu tu anaisoma. Programu za simu na kompyuta ni nzuri, lakini chati ikiwa ukutani mwenyekiti hawezi kusema hakujua. Ongezeni kipima mvua kimoja kila kitongoji. Takwimu za TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania, za wanyama waliohesabiwa kutoka kwenye ndege zikija, linganisheni na zenu, na pasipolingana ulizeni.

Hatua ya 7: Usiku wa tembo na usiku wa simba

Uhifadhi wote ulioelezwa hapo juu unaweza kuisha kwa usiku mmoja, mahindi yakiwa yamekomaa.

Kwa tembo, kundi la vijana wa shamba lipewe vifaa na mazoezi, na vitumike kwa mpangilio. Kwanza tochi kali. Akikaidi, honi. Akikaidi tena, bomu la pilipili: pilipili ya unga na mchanga vinafungwa ndani ya kondomu pamoja na fataki, utambi unawashwa, inapasuka angani na vumbi linamshukia. (Mara ya kwanza kugawa kondomu shambani mtacheka sana. Chekeni, kisha fanyeni kazi.) Mwisho ni fataki za kurusha za rangi. Angalieni upepo kabla ya pilipili, msijimwagie. Tembo aachiwe njia ya kutokea, na asikimbizwe kwa mkuki wala mshale. Aliyejeruhiwa ndiye anayeua mtu wiki ijayo. Kwa shamba dogo, uzio wa mizinga ya nyuki uliofanyiwa majaribio karibu na Tsavo, Kenya, unafaa: mizinga inaning'inizwa kwa waya mmoja, tembo akigusa waya mizinga yote inatikisika. Unahitaji nyuki kukaa humo, na nyuki wanahitaji maji, kwa hiyo mwaka wa ukame usiutegemee peke yake.

Kwa simba na fisi, suluhisho liko zizini. Boma hai la Simanjiro limewatuliza wengi: vipande vya miti inayochipua vinachomekwa ardhini kama nguzo, vinafungwa waya wa wavu, na miti ikikua uzio unaongezeka urefu wenyewe. Miiba peke yake inaoza na kuacha matundu. Jengeni mlango imara kuliko ukuta, maana ng'ombe wakishtuka ndiko wanakotokea.

Madai ya serikali nayo yana utaratibu. Kifuta machozi ni kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa, kifuta jasho ni kwa mazao na mifugo. Ni mkono wa pole, haikusudiwi kuwa fidia kamili, semeni hivyo mapema watu wasikasirike mara mbili. Toeni taarifa kwa mtendaji mara moja, pigeni picha ya nyayo pamoja na uharibifu, na afisa wanyamapori wa wilaya apime kabla shamba halijasafishwa. Umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi unahesabiwa katika malipo, na ekari zina kikomo. Shamba lililosogezwa mpaka ukutani mwa hifadhi linaweza lisipate kitu.

Hatua ya 8: Fedha

Kwa mgawo uliozoeleka kwenye WMA, walau nusu ya mapato ya jumuiya huenda vijijini, walau asilimia 15 kwenye uhifadhi wenyewe na walau asilimia 25 kuiendesha jumuiya. Tatizo si mgawo. Ni kwamba nusu ya kijiji hawajawahi kuona hundi. Kila malipo yakiingia, yaandikwe kwa chaki kwenye ubao wa kijiji: kiasi, tarehe, kimetumikaje. Na msitegemee watalii peke yao. 2020 hoteli zilifungwa na mishahara ya askari ikakatika. Jumuiya ya Makame, Kiteto, imeongeza kaboni ya misitu, yaani kulipwa kwa kutunza miti inayofyonza hewa ya ukaa. Wengine wana asali.

Hatua ya 9: Mwaka wa ukame

Toeni ile karatasi ya mwaka mbaya. Mwaka 2022, kati ya Februari na Oktoba, serikali ya Kenya ilihesabu vifo vya tembo 205, nyumbu 512 na pundamilia wa kawaida 381 kwa ukame. Mifugo iliyokufa ilikuwa mingi mno kuliko hao.

Amueni sasa, mkiwa mmeshiba, kitu gani kitawashtua. Kwa mfano: mwisho wa mwezi wa tano, kipima mvua kikiwa chini ya nusu ya kawaida yenu, kamati inakutana wiki hiyo. Ushauri wa kwanza ni mnada. Dume la mwezi wa sita lina bei. La mwezi wa kumi lina ngozi. Wanaouza mapema wanabaki na majike na pesa ya pumba. Pili, maombi ya kupita kwa majirani yapelekwe kabla ya kuhama, kwa njia ileile mliyochora. Tatu, sehemu moja ya alalili isifunguliwe hata ikibidi kugombana, iwe akiba ya ndama na ya mbegu.

Wanyamapori msiwalishe majani makavu. Mnawakusanya mahali pamoja na magonjwa yanafuata. Mizoga ya tembo iripotiwe siku hiyohiyo na pembe zisiguswe na mtu.

Mvua ya kwanza ikinyesha, kazi haijaisha. Majani yanayochipua yakiliwa kabla hayajatoa mbegu, mmekula ya mwaka kesho. Wiki hiyo wekeni askari kwenye njia ya kuingilia alalili, kwa sababu ndiyo wiki ambayo kila mtu ana ng'ombe aliyekonda na sababu nzuri ya kuingiza wachache tu, na kwa uzoefu wangu wa kwanza kufika ni ng'ombe wa mwenyekiti.